Sumu ya risasi kwenye udongo: tulivyosaka chanzo chake Migwani

Leo nawatoa Pwani kidogo niwapeleke Ukambani, kisha tutarudi nyumbani, kwa sababu nililoliona kule linatuhusu sisi huku.

Mwaka jana shule zilipofungwa mwezi wa Agosti nilikwenda Migwani kumtazama dada yangu mdogo. Ameolewa huko na Mkamba aliyekuwa akifanya kazi hapa Mombasa. Migwani ni mji mdogo wa kaunti ya Kitui, upande wa Mwingi Magharibi, kwenye barabara inayotoka Kitui kwenda Mwingi. Watu wake ni wakulima wa ndengu, kunde, mbaazi na mahindi, na mashamba yao wameyakata matuta ili mvua ikija isiondoke na udongo. Udongo kwao ni mali, wala hawauchezei.

Jioni ya kwanza shemeji yangu alinipeleka kwenye kipande chao cha ardhi karibu na soko. Kulikuwa na kibanda cha mabati kisichokuwa na mtu. Kwa muda wa miaka mitano walikuwa wamemkodisha mfanyabiashara wa vyuma chakavu, naye kazi yake kubwa ilikuwa betri kuukuu, za magari na za sola. Alizipasua kwa shoka, akamwaga tindikali chini, akatoa vipande vya risasi na kuviyeyusha kwenye sufuria juu ya makaa. Kisha risasi ile ikauzwa kwa watu waliokuja na gari usiku. Sasa mpangaji alikuwa amehama, na shemeji alitaka kupanda sukuma wiki na kunde.

"Shemeji, tazama udongo huu," akaniambia. "Mbona majani hayaoti?"

Nilipotazama sikuwaza majani. Nilimwaza mpwa wangu wa miaka minne, ambaye tangu nifike alikuwa akilalamika tumbo na kulala mchana kutwa. Zahanati walikuwa wamempa dawa ya minyoo mara mbili.

Mimi si mwanasayansi. Nina diploma ya afya ya mazingira na niliwahi kuwa afisa wa afya kwa miaka michache kabla ya kushika kalamu. Lakini mtu wa Mombasa akisikia betri, risasi na mtoto anayeumwa tumbo, jina moja tu humjia: Owino Uhuru.

Tuliyofunzwa na Owino Uhuru

Kwa vijana ambao hawakuifuatilia habari hiyo, Owino Uhuru ni mtaa ulioko Mikindani, eneo la Jomvu. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi kikiwa kimepakana na nyumba za watu. Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka 2009, mtoto wake mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha ana risasi mwilini. Akaacha kazi, akaanza kupigana pamoja na wakaazi hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Mwaka huohuo wa 2015 watafiti walifanya jambo ambalo ndilo msingi wa makala haya. Hawakupima Owino Uhuru peke yake. Walipima pia Bangladesh, mtaa mwingine wa hapahapa Mombasa wenye maisha yanayofanana lakini usio na kiwanda kama kile. Kadirio la wastani la risasi katika udongo wa Owino Uhuru lilikuwa miligramu 146.5 kwa kilo. La Bangladesh lilikuwa 11.5. Damu za watoto nazo zikafuata njia hiyohiyo: mikrogramu 7.4 kwa desilita upande mmoja, na 3.7 upande wa pili.

Kama wangepima mtaa mmoja tu, mtu angesema, "Udongo wa Mombasa ndivyo ulivyo." Ule mtaa wa pili ndio uliofunga mdomo huo. Kukuta sumu kwenye udongo ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kuonyesha imetoka wapi. Bila hiyo nusu ya pili hakuna atakayelipa, na wala hujui uzibe tundu gani.

Washukiwa wanne

Pale Migwani maneno yalianza mara tu tulipotaja neno sumu. Jirani mmoja alisema ni mpangaji. Wa pili alisema ni magari, kwa sababu lami imefika miaka ya karibuni na malori yamezidi. Wa tatu alilaumu mbolea ya dukani. Na mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa mpangaji alisema kwa sauti ya kukata shauri kwamba miamba ya Ukambani ina madini tangu Mungu aumbe dunia, hakuna wa kulaumiwa.

Mama mzazi wa shemeji, ambaye sote tunamwita Mwaitu, alimtetea mpangaji kwa upole. "Mwanangu, yule kijana hakuwa mbaya. Kodi alilipa, na vyombo vya kunyweshea kuku alitupa bure." Neno hilo nililisikia likapita. Laiti ningelishika mapema.

Washukiwa wote wanne wanawezekana, na ndiyo sababu kubahatisha hakufai. Kila udongo una metali kidogo kutoka kwenye mwamba uliouzaa, na miamba ya Kitui ni ya kale sana, iliyopikwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi. Petroli nayo ilikuwa ikitiwa risasi kwa miaka mingi, na moshi wake umeacha alama kando ya barabara kuu za dunia nzima. Kenya iliachana nayo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, lakini risasi haiozi, ikishatua kwenye udongo inakaa. Mbolea ya fosfeti huja na metali yake, hasa kadimiamu. Na betri, basi, betri ya gari sehemu kubwa ya uzito wake ni risasi.

Udongo una ushahidi wa namna nne

Kuna maswali manne ya kuuliza udongo, na mtu yeyote anaweza kuyaelewa.

La kwanza ni umbali. Ukifukiza udi chumbani, anayetaka kujua chetezo kiko wapi hufuata harufu inapozidi. Sumu iliyotoka mahali pamoja huwa kali karibu na chanzo na hupungua kila unavyokwenda mbali, na hurefuka upande ambao upepo au maji huelekea. Sumu ya barabara hufuata barabara kama ukanda. Sumu ya mwamba hutapakaa kote popote mwamba huo ulipo, haijali kibanda cha mtu.

La pili ni kina. Risasi iliyoletwa na moshi au vumbi hushikamana na udongo wa juu, wenye mboji na mfinyanzi. Ile iliyotoka kwenye mwamba huwa iko hata chini, na pengine huzidi chini.

La tatu ni wenziwe. Metali haitembei peke yake. Risasi ya betri kwa kawaida huandamana na antimoni, kwa sababu antimoni huchanganywa nayo ili sahani za betri ziwe ngumu. Vumbi la barabarani lina zinki kutoka kwenye matairi. Majosho ya zamani ya ng'ombe yaliacha aseniki, na viwanda vya ngozi huacha kromiamu. Ukiona risasi na antimoni zimepanda pamoja, huku metali nyingine za mwambani zimekaa palepale, umekwisha kujua ugeuze uso upande gani.

La nne ni alama ya ndani kabisa. Atomi za risasi hazina uzito mmoja. Ziko za 204, 206, 207 na 208. Tatu za mwisho huzidi polepole kwa sababu urani na thori huoza na kugeuka kuwa risasi, kwa hiyo mgodi wa umri mmoja huwa na mchanganyiko tofauti na mgodi wa umri mwingine. Wataalamu hupima uwiano huo na kuutumia kama alama ya kidole: waweza kutenga risasi ya mwamba wa mahali na risasi iliyoletwa. Kipimo hiki ni ghali, nasi hatukukifanya. Tena kwa betri kina udhaifu wake, kwani risasi ya betri imeyeyushwa na kuchanganywa mara nyingi, alama zake zimevurugika. Ndiyo maana mtafiti makini hategemei shahidi mmoja.

Mifuko kumi na miwili

Tulichukua sampuli 12. Mbili tulizitoa juu mlimani, mbali na kila kitu, moja ya juu na moja ya kina cha mkono, ziwe kipimo chetu cha udongo usioguswa. Hiyo ndiyo iliyokuwa Bangladesh yetu. Mbili tulizitoa ndani ya kibanda, juu na chini vilevile. Tatu upande upepo unakoelekea, hatua 10, 30 na 80 kutoka mlangoni, na moja upande wa pili, hatua 30. Moja kando ya lami. Moja katikati ya shamba lililotiwa mbolea kila msimu. Moja kwenye mkondo wa maji unaoteremka kwenda bwawa la mchanga, kwa sababu Kitui watu huyahifadhi maji kwa kujenga ukuta mtoni, mchanga ukajaa nyuma yake na maji yakajificha mchangani. Kinachoshuka na mvua huishia huko. Ya mwisho, kwa kuwa mfuko mmoja ulikuwa umebaki, niliitoa uani, karibu na jiko la Mwaitu.

Kila mfuko tuliuandikia mahali, kina na tarehe, na tulisafisha kijiko kila mara. Anayechota udongo wa kibandani kisha akachota wa mlimani kwa kijiko kilekile ameuharibu ushahidi kwa mkono wake. Shemeji aliuza mbuzi watatu, mimi nikaongeza, tukapeleka mifuko kwenye maabara Nairobi.

Majibu yaliporudi tuliyasoma sote chini ya mwembe. Tarakimu za shamba la watu sitaziandika hapa, lakini mpangilio wake nawapa. Mlimani risasi ilikuwa ya kawaida kabisa, juu na chini, katika kiwango cha udongo usioguswa ambacho kwa sehemu nyingi duniani hakifiki miligramu 50 kwa kilo. Kibandani ilikuwa mara nyingi sana zaidi, imepita mbali hata miligramu 200 ambazo Marekani iliziweka Januari 2024 kuwa alama ya kuchunguza viwanja vya makazi, baada ya kutumia 400 kwa miaka mingi. Kutoka mlangoni ilishuka: hatua 10 nyingi, hatua 30 kiasi, hatua 80 karibu sawa na mlimani. Upande usio wa upepo ilikuwa kidogo. Kando ya lami ilizidi ya mlimani kwa uchache tu, pamoja na zinki. Shamba la mbolea lilikuwa safi upande wa risasi. Magari na mbolea wakaachiliwa.

Yule mzee hakukubali. Akaishika karatasi, akaonyesha sampuli ya chini kibandani, ambayo nayo ilikuwa juu. "Si mlisema ya mwamba huwa chini? Basi hii hapa chini."

Hoja ilikuwa nzuri, na ingetushinda kama tungekuwa na shahidi mmoja. Lakini tindikali ya betri huilegeza risasi ikateremka na maji, kwa hiyo sakafu iliyomwagiwa tindikali miaka mitano hupoteza ile kanuni ya kina. Maabara ilikuwa imeona pia kwamba udongo ule ni mchachu kupita kiasi. Na antimoni ilikuwa imepanda palepale risasi ilipopanda, juu na chini, huku mlimani ikiwa haionekani. Mwamba wa mlimani na mwamba wa kibandani ni mmoja. Mzee aliirudisha karatasi, akaomba chai.

Mfuko wa kumi na mbili

Lililobaki halikuwa na jibu la haraka. Mfuko wa uani, karibu na jiko, ulikuwa na risasi nyingi kuliko ule wa hatua 30 kutoka kibandani, ilhali nyumba iko mbali zaidi na upepo hauelekei huko. Harufu ya udi ilikuwa imezidi mahali pasipo na chetezo.

Nikakumbuka vyombo vya kuku.

Vilikuwa vitano, vimepangwa ukutani: makasha meusi ya plastiki, kila kimoja na vyumba sita ndani. Ni maganda ya betri. Mwaitu aliyaosha kwa maji, akayafanya ya kunyweshea kuku, na moja akalitilia majivu ya kusugulia sufuria. Mpwa wangu alikuwa akilitumia jingine kuwa lori lake la mchanga. Unga wa kijivu uliobaki kwenye pembe za makasha ulikuwa ukimwagika uani kila siku, mtoto akaushika, akala nao chapati.

Niliwahi kusoma habari za Thiaroye sur Mer, kitongoji cha Dakar huko Senegal. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa huko. Watu walikuwa wakichekecha udongo uliojaa mabaki ya betri ili wapate risasi ya kuuza, na udongo ule uliingia mpaka majumbani. Kwa hiyo sumu haisubiri upepo, huja pia na mikono yetu, ndoo zetu na zawadi tunazopewa bure. Nililijua hilo kwa kusoma, na bado nilikaa siku tatu kwenye ua ule bila kuyaona makasha.

Mwaitu hakusema neno. Alikwenda akayakusanya mwenyewe, akayafunga guniani, akaketi.

Damu ya mtoto

Tulimpeleka mtoto hospitali tukaomba damu yake ipimwe risasi. Ilibidi isafirishwe Nairobi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2021 linasema mtu akikutwa na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita, chanzo kitafutwe na kizibwe. Yeye alikuwa amepita hapo, ingawa hakufika kwenye kiwango cha mikrogramu 45 ambacho huhitaji dawa ya kuitoa sumu. Daktari alitueleza wazi kwamba dawa kubwa kwake ni kumwondolea chanzo, na kumpa vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu, kwani mwili uliopungukiwa na madini hayo huinyonya risasi kwa wingi.

Basi makasha yaliondolewa. Tabaka la juu la udongo wa uani likachotwa likiwa limeloweshwa ili vumbi lisiruke, pakamwagwa udongo safi wa mlimani. Mikono ikawa inaoshwa kabla ya kila mlo, viatu vya kibandani havikuingia ndani. Kwenye mkondo wa maji, ambako nako risasi ilionekana, shemeji alijenga kizuizi na kukigeuza kipande kile kisishushe maji bwawani. Kibanda kimezungushiwa ua. Hakuna sukuma wiki wala kunde zitakazopandwa pale, maana mboga za majani na mizizi ndizo zinazobeba udongo hadi sahanini.

Baada ya miezi mitatu kipimo cha mtoto kilikuwa kimeshuka, alhamdulillahi. Kama kuna alichopoteza kichwani mwake hatutajua mpaka asome, na pengine hatutajua kabisa. Risasi huumiza ubongo wa mtoto kimyakimya, na lililoharibika halirudishwi na kipimo kushuka.

Nani alipe?

Hapa ndipo kusaka chanzo kunapokuwa jambo la haki. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani hata kabla ya kuthibitisha kwamba ameumia. Wakaazi wapatao 3,000 wa Owino Uhuru walikwenda. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru udongo usafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Lawama hazikuishia kwa wenye kiwanda, zilifika hadi kwa taasisi za serikali zilizopaswa kuzuia. Miaka yote hiyo ya kesi ilihitaji vipimo vya damu na vya udongo.

Kwa shemeji mambo hayakunyooka hivyo. Nilipomuuliza kama atamshtaki mpangaji alinyamaza, kisha akasema, "Shemeji, kodi niliila mimi. Moshi niliuona." Mpangaji simu yake haipatikani. Tunasikia amekodi kibanda kwingine, kwa watu wengine wenye watoto.

Sasa nirudi nyumbani. Betri za sola, za tuktuk na za bodaboda zimejaa katika mitaa yetu ya Pwani, na zikifa kuna mtu anazinunua. Ukiona zinapasuliwa kichochoroni, usingoje majani yakome kuota. Toa habari kwa afisa wa mazingira wa kaunti au kwa NEMA, piga picha, andika tarehe. Ukikodisha kibanda, uliza kazi gani itafanywa ndani. Na ukichukua udongo kupimwa, chukua wa mahali unaposhuku na wa mahali unapoamini ni safi, kwa sababu huo wa pili ndio utakaokutetea.

Kisha pita uani kwako ukatazame vyombo vya kuku.